Injini ya Toyota Haiponyi Chasisi Iliyooza

"Hii bodi ni alumini, haioti kutu. Weka injini ya 3L, piga rangi, umemaliza." Tangu Tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, maneno haya kuhusu Land Rover za zamani (3L ni injini ya dizeli ya Toyota) yananifikia karibu kila wiki, na kila wiki kuna mtu ameshalipa kabla ya kuuliza. Safari hii nayajibu kwa kirefu.

Ninaposema Land Rover hapa nina maana ya Series III, za 1971 hadi 1985, zenye injini ya petroli ya lita 2.25, iwe 88 au 109, yaani inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mwenye Series IIA iliyotangulia naye asome, tofauti si nyingi.

Bodi ni alumini, hilo kweli. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, na gari lilipotoka mwaka 1948 lilivishwa mabati ya aloi. Lakini limevishwa tu. Chasisi ni chuma. Ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva, ule unaobeba bawaba za milango, usukani na kioo cha mbele, ni chuma. Fremu ya mlango kwa ndani ni chuma. Na alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona chini ya mlango ndio mabaki yake. Gari lililokaa Tanga au Mombasa miaka thelathini linaweza kung'aa juu huku chini hakuna kitu cha kufungia bolti.

Chasisi yenyewe ni boksi la karatasi za chuma za kama milimita 2, zilizochomelewa pembeni. Lina matundu. Tope linaingia, halitoki, linashika maji mwaka mzima. Kwa hiyo linaoza kutoka ndani kuja nje, na siku kutu inapotokeza nje, unene uliobaki unaweza kuwa wa kopo la maziwa. Ukikuta gari la kuuzwa limepakwa rangi nyeusi ya lami chini, mbichi bado, usimlipe mtu hata shilingi kabla hujalala chini yake.

Lala na nyundo ndogo, bisibisi pana ya zamani na chaki. Gonga kila baada ya sentimita 5. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu bubu, kama kugonga ndoo iliyojaa mchanga. Palipo bubu, sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono, si kwa nyundo. Ikizama, chora chaki. Usiruke boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushika ule ukuta wa mbele, vishikio vya springi za nyuma, na ncha mbili za mbele chini ya bampa. Kisha inua mazulia, ugonge sakafu ya ukuta pale miguu inapokaa na nguzo za milango kwa chini.

Chaki hizo ndizo zinazoamua, si injini. Zikiwa kwenye mikono na boriti ya nyuma peke yake, karabati bila wasiwasi: vipande hivyo vinauzwa vikiwa vimetengenezwa tayari, na mkunjaji mzuri wa mabati anaweza kuvitengeneza kwa bati la milimita 3. Zikiwa kwenye vishikio vya springi au kwenye boksi lenyewe katikati, unachagua kati ya chasisi nyingine na kuuza. Chasisi mpya zilizochovywa zinki bado zinatengenezwa Uingereza. Kabla ya kuota, uliza nauli ya meli na ushuru, jumlisha, linganisha na bei ya Series nyingine nzima iliyokaa Dodoma au Singida, kwenye ukavu. Mara nyingi hiyo nyingine inashinda.

Viraka ndivyo vinavyonichosha zaidi. Mchomeleaji anachukua bati, analibandika juu ya kutu, anazungusha moto, anapiga puti, anapaka rangi. Moto umeshika chuma kilichokwisha liwa, kwa hiyo ufa unatokea pembeni mwa mstari wa weldingi, na sasa maji yananaswa kati ya mabati mawili. Kiraka halali kinaanza kwa kukata: unakata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa pande zote, ndipo unapachika kipande kipya. Asiyetaka kukata, usimpe kazi.

Niseme na hili: nyundo haifiki kila mahali. Upande wa juu wa boksi, chini ya bodi ya nyuma, hauonekani mpaka bodi ivuliwe, na hata nikishagonga kote huwa sitoi ahadi ya upande huo. Tenga fedha kwa ajili yake kabla hujasema bajeti imetosha.

Injini sasa, kwa haraka. Ipashe moto, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi mwisho, pima kompresheni silinda moja moja. Tofauti kati ya silinda ikizidi asilimia 10, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye ile dhaifu, pima tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni valvu au gasketi. Ikibidi kufunguliwa, uliza silinda zimeshachongwa mara ngapi: pistoni zilizozidi kwa elfu 20 na elfu 40 za inchi zipo, na iliyofika 40 inataka slivu, yaani ukuta mpya wa silinda. Nafasi ya tapeti, zile zinazosukuma valvu, ni inchi 0.010. Zikijikaza upya upande wa ekzosi kila baada ya kilomita elfu mbili tatu, viti vya valvu vinazama, kwa kuwa petroli ya leo haina madini ya risasi ya kuvilinda. Weka viti vigumu hedi ikifunguliwa. Hakuna lolote hapo linalomshinda fundi wa kawaida.

Turudi kwenye 3L. Watu wanataka gari likimbie. Kwenye Series kinachozuia mwendo ni gia kuliko injini. Uwiano wa difu ni 4.7, wa transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye gia ya juu ni 1.15, na namba nne ni moja kwa moja. Kwa tairi za 7.50-16, ukiwa kilomita 80 kwa saa injini inazunguka karibu 2,900 kwa dakika, na kwenye 100 inapita 3,600. Ukiweka dizeli na kuacha gia zilezile, umenunua kelele. Ukiweka 300Tdi, dizeli ya tabo ya Land Rover yenyewe, yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 265, mahali ambapo petroli ilikuwa na 160 na kitu, shafti za nyuma za 88 na giaboksi ndizo zitakazolipia. Na breki za 88 nyingi bado ni drami za inchi 10.

Anayetaka mwendo aanze na ovadraivi ya Fairey, gia ya ziada ya mwendo: inafungwa nyuma ya transfa bila kukata kitu, na ile 2,900 inashuka hadi karibu 2,300. Au difu za 3.54 za Range Rover ya zamani, zinazoingia kwenye ekseli za Rover, mbele na nyuma kwa pamoja, kamwe si moja. Spidomita itakudanganya baada ya hapo: ikisoma 60 uko 80. Ekseli ya Salisbury iliyo nyuma ya 109 haipokei difu hizo. Inataka gia za ndani za Land Rover 110 iliyokuja baadaye, na kuzipanga ni kazi ya mtu mwenye vipimo, si ya kukadiria kwa macho.

Simkatazi mtu kubadili injini. Gari la shamba linalotembea kila siku, lenye chasisi nzima na injini iliyopasuka bloku, lipe dizeli. Ninachokataa ni kukata boriti ya chasisi au ule ukuta ili injini ipate nafasi. Tumia bamba la kuunganishia na maunti za bolti, hifadhi injini ya zamani juu ya mbao, na namba mpya ya injini ipelekwe TRA, au NTSA kwa wa Kenya, iingie kwenye kadi. Gari lililobadilishwa kwa bolti linarudishika. Lililokatwa, mnunuzi anayejua atalihesabu kama spea.

Na kama hesabu imekuambia uuze, uza likiwa zima. Usilifumue kwanza, Series iliyovuliwa bodi, nati zake zimo kwenye makopo ya rangi, haifiki nusu ya bei. Usipige rangi. Lioshe, piga picha za zile chaki, mwonyeshe mnunuzi. Kisha safisha kwa brashi ya waya eneo la mbele kulia, pale springi inaposhikwa na chasisi: namba ya chasisi imegongwa hapo. Ndipo pia wachomeleaji hupenda kubandika kiraka, na namba ikishafunikwa na bati, kadi uliyoshika mkononi haina gari la kulinganishwa nalo.