Je, wajua kwa nini shujaa mwenye nguvu kuliko wote ndiye hufa wa kwanza?

Katika michezo ya kuigiza wahusika, watu wanne watano hukaa mezani. Mmoja anasimulia dunia ya kubuni, na kila mmoja wa waliobaki anabeba shujaa wake. Mchezaji mgeni huja na hamu moja tu: upanga mkubwa, ngazi ya juu, tarakimu nono kwenye karatasi yake. Ikifika vita ya kwanza nzito, huyo huyo ndiye analala chini. Wenzake husema ni mkosi wa dadu. Lakini ukishika kalamu utaona hesabu ilishamhukumu kabla dadu haijarushwa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Michezo mingi ya aina hii imefuata nyayo za Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika matoleo yake ya sasa, anayeshambulia hurusha dadu ya pande 20, anajumlisha uwezo wake, na akifikia namba ya kinga ya adui, pigo limeingia. Kila upande wa dadu ni asilimia 5. Mkizunguka meza nzima, kila mmoja akacheza zamu yake, hiyo ni raundi moja.

Sasa tuseme mmeketi Nkuhungu, Dodoma, au kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na dunia mliyoijenga ni Ugogo wa kale, nchi ya Wagogo: majabali, mibuyu, nyumba za tembe, na usiku fisi wa wachawi. Fisi wanane wanamzingira shujaa mmoja uwandani. Yeye ana uhai 40, ambao ukiisha anaanguka, na kinga 17. Kila fisi anarusha dadu na kuongeza 4, kwa hiyo anahitaji 13 au zaidi: pande 8 kati ya 20, yaani asilimia 40. Meno yake yanaumiza kwa dadu ya pande 6 ukiongeza 2, wastani 5.5. Zidisha, na kila fisi anamla shujaa uhai 2.2 kwa raundi.

Tumpendelee shujaa wetu: aanze yeye, na kila raundi aue fisi mmoja bila kukosa. Raundi ya kwanza wanabaki saba, wanamtoa 15.4. Ya pili sita, 13.2. Ya tatu watano, 11. Jumla ni 39.6 kati ya 40. Raundi ya nne anaanguka, na fisi wanne bado wamesimama.

Badala yake waweke watu wanne wa kawaida kabisa. Kila mmoja ana uhai 24, kinga 14, na anaua fisi mmoja kila raundi mbili. Fisi wanawapata kirahisi zaidi, asilimia 55, yaani uhai 3.025 kwa kila fisi. Lakini wanne hawa wanaua wawili kwa raundi: wanabaki sita, kisha wanne, kisha wawili, kisha hakuna. Uhai wanaopoteza wote kwa pamoja ni kama 36 kati ya 96. Hakuna hata mmoja wao anayemfikia yule shujaa kwa nguvu, na wamemaliza kazi iliyomuua.

Halafu kuna njia ya tatu, na hii ndiyo inayostahili kufundishwa kwa kila mchezaji mpya. Mrudishe shujaa yule yule, upanga ule ule, fisi wale wale wanane, ila safari hii asimame mlangoni mwa tembe. Mlango ni mwembamba. Wanaomfikia ni wawili tu. Raundi sita anapoteza 4.4 kila moja, ya saba 2.2, ya nane fisi wameisha. Amebaki na uhai 11 na ushee. Fisi sita walikuwa na meno yao yote, hawakuwa na pa kuyatumia.

Hapo ndipo nguvu ilipo: kwenye zamu. Shujaa wa kweli ni yule anayeongeza zamu zenye faida upande wake na kuzifuja za adui. Pigo la kuumiza 40 juu ya fisi mwenye uhai 11 limepoteza 29 bure, na zamu iliyotumika bado ni moja.

Ndiyo maana mhusika wa kusaidia wenzake, kama mpiga zeze, ambaye wengi humwona wa kuburudisha tu, huwa hatari kuliko mbeba shoka. Kuna uganga wa baraka unaowaongezea watu watatu dadu ya pande 4 kwenye kila shambulio, wastani 2.5 kwa kila mmoja. Upanga wa ajabu wa kuongeza 1 unamfaidi aliyeushika, basi. Vivyo hivyo kumpa mwenzako fursa ya kurusha dadu mara mbili achukue kubwa: anayehitaji 11 anapanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Anayehitaji 20 tupu anatoka 5 hadi 9.75 tu, kwa hiyo msaada huo mpe mwenye nafasi ya kati, usiupeleke kwa aliyekata tamaa.

Shujaa aliyejazwa kupita kiasi anaharibu meza kwa njia nyingine pia. Msimulizi akiona adui wanakufa haraka huwakuza ili wamtoshe shujaa huyo, na adui waliokuzwa wanawafyeka wenzake. Gawanyeni sawa tangu mwanzo. Toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014 lina mgao mzuri wa tarakimu sita za uwezo wa mhusika: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Hiyo 8 isionewe haya; mwenye nguvu ndogo atamhitaji mwenzake, na zamu zitaunganishwa.

Mkikosa dadu ya pande 20, andikeni 1 hadi 20 ndani ya vizibo vya soda, mvitie kwenye kibuyu. Kila kizibo kirudishwe na kutikiswa kabla ya kuchota tena. Msipokirudisha, nafasi ya vilivyobaki inapanda kutoka 1 kati ya 20 hadi 1 kati ya 19, kisha 18, na mwenye kumbukumbu nzuri atajua 20 bado imo.

Nje ya vita, nguvu kubwa inahitaji bei. Katika nchi kavu kama hii, mwita mvua anaweza kutikisa dunia yenu kuliko shujaa yeyote wa upanga: akiiita inyeshe hapa, mawingu yametoka kwa jirani, na jirani anajua ni nani kaita. Bei hiyo iandikwe kwenye karatasi ya mhusika, pembeni ya nguvu yenyewe, kabla mchezo haujaanza. Ikitajwa katikati, mchezaji ataona ameonewa, na atakuwa na haki.