Mfungwa aliyedhulumiwa kingono hahitaji ruhusa ya gereza ili ashtaki

Kila mwaka kati ya Novemba 25 na Desemba 10, kampeni ya Siku 16 za kupinga dhuluma za kijinsia huwapeleka maafisa wa sheria sokoni, makanisani na kwenye mabaraza ya machifu. Maswali huwa mengi kuhusu dhuluma za nyumbani. Kuhusu gerezani, rumande na seli za polisi huwa machache mno, na anayeyauliza huwa mama au dada wa aliyefungwa, kwa sauti ya chini. Karibu yote hubeba dhana moja potovu: kwamba mfungwa sharti apate kibali cha mkuu wa gereza kabla ya kushtaki.

Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Ibara ya 51 ya Katiba inasema aliyezuiliwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kwenda pamoja na kuzuiliwa kwake. Mahakama ilipokuhukumu ilikuondolea uhuru wa kutembea. Mwili wako haikumkabidhi mtu.

Maelezo haya ni ya jumla kwa wanawake walio kizuizini, waliotoka, na jamaa zao, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma. Hayalengi gereza lolote mahususi, wala hayachukui nafasi ya wakili aliyeisoma kesi yako.

Saa ndizo za kuangaliwa kwanza. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, kisha zinamezwa kila siku kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, yaani siku tano, na kadiri unavyovimeza mapema ndivyo vinavyofaa zaidi. Unapofika kwenye zahanati ya gereza, si lazima umtaje aliyekudhulumu ndipo utibiwe. Sema umedhulumiwa kingono na unataka matibabu na fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 kinampa manusura haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali ya umma. Zahanati isipokuwa na dawa au vifaa, omba rufaa ya hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu na Hospitali ya Level 5 ya Nakuru zina wahudumu wa kushughulikia manusura. Omba usindikizwe na askari wa kike, na wakati wa kupimwa mwambie mhudumu kwamba hutaki askari asikie unayoyaeleza.

Fomu ya PRC, ambayo nambari yake ni MOH 363, hujazwa na daktari, afisa wa kliniki au muuguzi katika nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, moja ya kituo cha afya. Wengi hurudi wodini bila nakala yao. Idai pale pale. Ikiwa kuiweka gerezani ni hatari, mpe wakili au jamaa anapokutembelea. Fomu ya P3, ya kueleza majeraha kwa ajili ya kesi, ni nyingine kabisa: hiyo hutolewa na polisi, na haiuzwi. Anayekudai pesa za P3 anavunja sheria.

Nguo ulizovaa usizifue. Zitie kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu, nguo zikaota ukungu na chembechembe za DNA zikaharibika. Usioge kabla ya kupimwa kama unaweza kuvumilia. Lakini kama ulishaoga, au zimepita wiki mbili kwa kuwa ulikosa pa kusemea, nenda tu. Alama za majeraha huandikwa, mimba hupimwa, na mtoto akizaliwa DNA yake ni ushahidi mzito, kwa maana kifungu cha 36 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru mshtakiwa atolewe sampuli.

Jambo linaloumiza kesi nyingi ni hili la "alikubali". Alipewa sabuni. Alipewa sodo. Alipigiwa simu nyumbani, au aliondolewa shambani akapewa kazi ya jikoni. Baadhi ya jamaa wenyewe huyasema haya, na tungependa yakome. Kifungu cha 42 kinasema kukubali ni kuchagua ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kifungu cha 43 kinaongeza kwamba matumizi mabaya ya mamlaka, yanapofika kiwango cha kumzuia mtu kuonyesha kwamba hataki, ni shurutisho. Sodo na sabuni ni wajibu wa Serikali kwa mwanamke iliyemfunga. Anayezigeuza kuwa bei ya mwili wake ametumia ufunguo wa Serikali kama silaha.

Tena sheria ilikwisha kuliona hilo mapema. Kifungu cha 24 kinamshughulikia msimamizi wa gereza au mahali pengine pa kizuizi anayetumia cheo chake kumshawishi mfungwa afanye naye ngono, hata pale ambapo kitendo hakifiki kuwa ubakaji. Kifungo chake hakipungui miaka 10. Kifungu hicho hicho kinamtia hatiani afisa wa utekelezaji wa sheria anayefanya kosa la ngono kituoni kwake, au dhidi ya mtu aliye mikononi mwake au mikononi mwa askari aliye chini yake. Hapo pia ni miaka 10 au zaidi. Ubakaji chini ya kifungu cha 3 ni miaka 10 kwenda juu, na unaweza kufika kifungo cha maisha. Shambulio la kingono, yaani kuingiza kitu au sehemu nyingine ya mwili katika sehemu za siri za mtu, lina kiwango hicho hicho. Kujaribu kubaka hakupungui miaka mitano. Ubakaji wa genge huanzia miaka 15, na wote waliokuwa na nia moja huhesabiwa, pamoja na yule aliyesimama mlangoni akichunga. Anayekusumbua mara kwa mara kwa maneno ya kutaka ngono huku ana cheo juu yako anakabiliwa na miaka mitatu au zaidi, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Kumpapasa mtu mzima ni hadi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria hii vinabaki sheria. Ipo pia Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017: afisa wa umma akitumia dhuluma ya kingono kuadhibu, kutisha au kulazimisha kukiri, hayo ni mateso, na kifungo chake hufika miaka 25. Kusema "niliagizwa na mkubwa" hakumwokoi.

Ni kifungu kipi kitatumika, hiyo ni kazi ya mwendesha mashtaka. Wewe eleza kilichotendeka.

Njia za kupeleka malalamiko ni zaidi ya moja, na unaweza kutumia mbili au tatu kwa pamoja. Kwa mahabusu, njia ya karibu ni mahakama inayosikiliza kesi yake. Siku kesi inapotajwa, inua mkono umwambie hakimu una jambo kuhusu usalama wako gerezani, na uombe ulieleze faraghani. Huna haja ya kulitangaza mbele ya kizimba kizima. Hakimu anaweza kuamuru upelekwe hospitali, polisi wafungue uchunguzi, na uhamishwe usikae chini ya mtu unayemlalamikia. Omba amri hiyo iandikwe, na jina la aliyeagizwa kuitekeleza liwemo, maana amri ya mdomo husahaulika gari la mahabusu likishaondoka. Aliyekwisha kuhukumiwa anaweza kumweleza jaji au hakimu anayezuru gereza, wakili, kasisi au muuguzi.

Jamaa naye anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu na gereza, au kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kuripoti kwenye dawati la jinsia. Ripoti iandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na asiondoke bila nambari, tarehe na jina la afisa aliyeipokea. Wapo wanaoambiwa, "Hayo ni mambo ya ndani ya magereza, rudi kwao." Si kweli. Gereza linaweza kumhamisha askari wake au kumfukuza kazi, lakini nidhamu ya kazi haichukui nafasi ya kesi ya jinai. Ukirudishwa namna hiyo, andika barua kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma katika kaunti hiyo, na nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR.

Hapa watu huchanganya ofisi, na miezi hupotea. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, huchunguza polisi. Dhuluma ikitokea kwenye seli ya kituo cha polisi, au mikononi mwa polisi anayekusafirisha, nenda IPOA. Askari jela hayuko chini ya IPOA. Malalamiko dhidi yake huenda kwa polisi wa upelelezi, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na KNCHR. Aliyekudhulumu akiwa mfungwa mwenzako, hilo pia ni kosa la jinai. Wasimamizi waliojua hatari hiyo wakanyamaza wanaweza kuhojiwa kuhusu kushindwa kukulinda.

Maelezo unayotoa yawe na vitu vinavyoweza kukaguliwa. Siku gani, kabla au baada ya kuhesabiwa, wadi ipi, nani alikuwa na funguo. Usipolijua jina la askari, taja zamu yake, jina la utani, kovu, lafudhi. Kila gereza lina daftari la zamu, kitabu cha lango na rejista ya zahanati, na nyingine zina kamera. Mwombe mpelelezi kwa maandishi azichukue mapema, kwa sababu picha za kamera hufutika na daftari hubadilishwa. Kanuni za Mandela za mwaka 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinataka wanawake wasimamiwe na askari wa kike, na askari mwanamume asiingie sehemu yao bila kuandamana na wa kike. Kwa hiyo jina la mwanamume lililoingia kitabuni usiku peke yake ni jambo la kuulizwa mahakamani.

"Hakuna aliyeona." Hili tumelijibu mara nyingi, na tutalijibu tena. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake katika kesi ya kosa la ngono, iwapo imeridhika kwamba anasema kweli na imeandika sababu zake. Kuwa na hukumu ya wizi au ya chang'aa hakukufanyi mwongo mbele ya sheria.

Kisasi kipo, na hatutajifanya hakipo. Mwanamke anaogopa kupoteza msamaha wa theluthi moja ya kifungo, kuhamishwa mbali na watoto wake, au kutengwa. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazohusu wafungwa wanawake, zinataka anayeripoti apewe ulinzi, msaada na ushauri mara moja, na uchunguzi ufanywe kwa siri na chombo huru. Hapa nyumbani ipo Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014. Kila kisasi kiripotiwe upya kikiwa na tarehe yake. Ukihamishwa gereza huku kesi ikiendelea, mwendesha mashtaka aarifiwe ili aombe amri ya kukufikisha mahakamani, la sivyo siku ya ushahidi itafika na wewe uko kaunti nyingine. Mashahidi walio hatarini wanaweza kutoa ushahidi nyuma ya pazia au faraghani. Wakili wako pia ana nafasi: mwaka 2020, katika rufaa iliyotoka Mahakama Kuu ya Bungoma, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi.

Kesi hizi hazimalizwi na wazee, wala kwa ng'ombe, wala kwa bahasha iliyoletwa kwa mamako usiku. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinasema uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka peke yake. Familia ikitia sahihi karatasi ya mapatano, itakuwa imempa mshtakiwa karatasi ya kumvuruga shahidi.

Mbali na jinai kuna fidia. Chini ya Ibara ya 22 na 23 unaweza kuwasilisha ombi la kikatiba Mahakama Kuu, iwe Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma. Katiba inakataza kutoza ada ya kuanzisha ombi hilo, inaruhusu hata maandishi yasiyo rasmi pale inapobidi, na mtu mwingine anaweza kukufungulia ikiwa wewe huwezi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliwawajibisha mwajiri na Serikali kwa vitendo vya mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Nakuru aliyewadhulumu wanafunzi. Hoja hiyo ya kuwajibika kwa aliyempa mtu mamlaka inafaa pia kwa anayemkabidhi askari funguo. Desemba 2020 mahakama hiyo iliwapa manusura wanne wa ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 shilingi milioni 4 kila mmoja.

Angalia sana tarehe. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya Serikali inatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 12. Ombi la kikatiba halina ukomo huo, lakini mahakama itakuuliza kwa nini ulikawia, na kuwa chini ya ulinzi wa uliyemwogopa ni jibu la kuandikwa kwenye hati ya kiapo, kwa tarehe ulizoingia na kutoka. Kosa la jinai la ngono halifi kwa miaka. Aliyemaliza kifungo anaweza kuripoti leo.

Asiye na pesa za wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ina ofisi Kisumu na Nakuru. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, na KNCHR zina ofisi Kisumu. Simu 1195, ya msaada kwa manusura wa dhuluma za kijinsia, hupigwa bila malipo saa yoyote. Jamaa anayekwenda ofisini abebe jina kamili la mfungwa, nambari yake ya gereza, nambari ya kesi iliyomfunga, nambari ya OB kama ipo, na nakala ya PRC. Nambari ya gereza ndiyo husahaulika zaidi, na bila hiyo wakili anaweza kukaa langoni asubuhi nzima askari wakimtafuta mtu ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi nyingine kitabuni. Akishaingia, mahojiano yenu askari anaruhusiwa kuyaona kwa macho tu. Akisogea hadi masikio yake yafike, mwambie wakili asimame ayasitishe na aandike saa.