1,000,001 inakaa namba tasa, lakini siyo

Kuna imani inazunguka sana kwa wanafunzi wa tuisheni huku Eastlands, Nairobi, hata kwa wazazi wao, eti 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Sababu ni kwamba inaishia na 1, haigawanyiki kwa 2 wala 3 wala 5, umejaribu 7, 11, 13, zote zimekataa, basi kazi imeisha. Haijaisha jamani! Namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100 zinakataa, unafika 97 bado, na hapo ndio watu wanachoka wanaandika "tasa" wanaweka kalamu chini, kumbe inayofuata tu, 101, ndiyo inaigawa bila baki. Ni 101 × 9,901. Chukua 9,901 uiongezee sufuri mbili mwishoni, ni 990,100, jumlisha 9,901 tena, hiyo hapo 1,000,001.

Wengine nao wanadhani lazima ujaribu kila namba mpaka laki tano. Wapi! Ukifika 1,000 simama, juu vigawo viwili (yaani namba zinazoigawa bila baki) vyote vikizidi 1,000, ukivizidisha vinapita namba yenyewe. Na namba tasa chini ya 1,000 ni 168 pekee, hata bila kalkuleta utamaliza, ni uvumilivu tu.

Halafu kuna hii ya kuamini namba ikiwa kubwa basi vigawo ni vingi. Angalia hawa majirani watatu: 999,999 ina vigawo 64, 1,000,000 ina 49, 1,000,001 ina vinne tu, yaani 1, 101, 9,901 na yenyewe. Ukubwa hausemi kitu, angalia namba tasa zilizoijenga. Jumlisha vigawo vya milioni ukiiacha milioni yenyewe, unapata 1,480,437, jumla imeipita namba. Fanya hivyo kwa 1,000,001 unapata 10,003, pungufu kabisa.

Sasa hii ya mwisho ndio naipenda sana na natamani kila mwalimu aiguse hata kwa dakika tano. Kuna wanaosema 1,000,001 ni 1,000 × 1,000 ukiongeza 1 × 1, kwa hivyo imejifunga, haiwezi kuvunjika. Lakini hiyo hiyo pia ni 980 × 980 ukiongeza 199 × 199, yaani 960,400 na 39,601, zijumlishe uone. Euler, yule mwanahesabu wa Uswisi wa karne ya 18, alijua maana yake: namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa njia mbili tofauti, ukishapata ya pili tu unajua inavunjika, hata kama hujaiona 101 bado. Mimi hapo naona uzuri mtupu.

Kama unatafuta namba tasa ya kweli karibu na milioni, panda kidogo mpaka 1,000,003, au ushuke mpaka 999,983. Katikati yao hakuna ingine.