Kidole cha mpiga kura na hesabu ya sanduku

Mwaka 2017 nilisimamia kituo cha kura katika eneo la mashamba ya chai nchini Kenya. Asubuhi alifika mama mzee, akaweka kidole gumba, mashine ya kutambua wapiga kura ikakikataa. Cha shahada, ikakikataa pia. Karani akampangusa vidole kwa kitambaa chenye maji, wapi. Miaka ya kuchuma chai ilikuwa imefuta mistari yote. Akaniinulia kitambulisho: "Mwanangu, si huyu ni mimi?" Tukaingiza namba yake, picha ikatokea, tukajaza Fomu 32A, ile ya mpiga kura ambaye kidole chake kimekataliwa, mbele ya mawakala wa vyama, akapiga kura.

Humkumbuka kila ninapoulizwa kama masharti makali ya utambulisho yanazuia wizi wa kura. Yanazuia wizi wa aina moja, na siyo ule unaodhaniwa na wengi.

Wengi humwaza mtu anayeingia kituoni na kitambulisho cha jirani yake marehemu. Huyo ni nadra mno. Nani atahatarisha kufungwa jela kwa ajili ya kura moja? Jimbo la Indiana, Marekani, lilitetea sheria yake ya kitambulisho chenye picha hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2008 bila kuonyesha hata kisa kimoja cha namna hiyo katika historia yake, na bado likashinda.

Kwetu Kenya wafu hawakuhitaji kupanga foleni. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilikuta takriban majina milioni 1.2 ya marehemu katika daftari la wapiga kura. Jina la marehemu ni nafasi inayongoja mtu. Foleni ikishakwisha saa kumi na moja jioni, karani aliyehongwa huweka alama kando ya jina na kutumbukiza karatasi sandukuni. Daftari la karatasi halina ushahidi wa kumsuta.

Ndiyo maana mashine hiyo ya utambuzi, iitwayo KIEMS, naitetea kwa moyo wote. Kazi yake kubwa ni kuhesabu watu. Tuseme imetambua wapiga kura 412 kisha sanduku likatoa karatasi 460: hizo 48 zimetoka wapi? Wakala yeyote anaweza kuniuliza swali hilo usiku uleule, kabla sijatia saini Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Mwaka 2013 vifaa vya utambulisho vilipozimika katika vituo vingi, tulirudi kwenye daftari la karatasi na swali hilo likakosa pa kushika.

Fomu ikishatoka kituoni, kidole hakiilindi tena. Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipofuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017, kasoro nzito zilikuwa katika upeperushaji wa matokeo na katika fomu zenyewe. Nafuu ilikuja 2022, Fomu 34A zilipowekwa kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi na kila mwenye intaneti akaweza kujumlisha mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi hutokea miaka mingi kabla ya siku ya kura. Huandikishwi bila kitambulisho cha taifa au pasipoti. Kijana Mnubi wa Kibra au Msomali wa Garissa alikuwa akipigwa msasa wa uraia mbele ya kamati na kudaiwa karatasi za babu yake, ilhali mwenzake wa kaunti nyingine aliomba kadi hiyohiyo bila kuulizwa babu. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondoa msasa huo, na uamuzi huo ulikuwa umechelewa sana. Kijana aliyenyimwa kadi haonekani katika hesabu ya mashine yoyote. Hakuna fomu inayoandika kwamba hakufika.

Siku hizi nikifundisha makarani huanza na Fomu 32A, kabla hata hatujawasha mashine. Wawe na kitambaa na maji mezani tangu alfajiri, na kidole kikikataa wamsogezee mzee kiti, kisha wamwombe kitambulisho kwa sauti ya chini.