Pinboli ya 1965 haijaharibika, imechafuka: nilivyoifufua Buckaroo

Wakuu habari za siku. Wengi mmekuwa mnaniuliza ile mashine ya pinboli, gemu la kupiga gololi ya chuma juu ya ubao ulioinama, niliyowaonyesha ikiwa imefunuliwa tumbo imefikia wapi, basi leo nimekaa nieleze yote maana kujibu mmoja mmoja nimeshindwa.

Miezi minne iliyopita nilienda kuichukua kwenye besimenti, chumba cha chini ya ardhi, ya nyumba moja huku Illinois. Mwenye nyumba amefariki, watoto wanauza vitu, mashine imesimamishwa kwenye kona na makopo ya rangi yamepangwa juu yake. Ni Buckaroo ya kampuni ya Gottlieb, mwaka 1965. Niliijua kabla hata sijafuta vumbi kwa sababu ya kile kioo cha juu, kuna farasi anampiga kauboi teke na kauboi anazunguka kweli kweli, ni kipande kinachotembea, sio taa za kudanganya macho. Zilitengenezwa 2,600 tu. Kiwanda chenyewe kilikuwa hapahapa Chicago, Kostner Avenue, yaani karibu miaka sitini imepita na bado iko mwendo mfupi wa gari kutoka ilikozaliwa. Hilo lilinigusa sana.

Kwa ambao hawajawahi kuona ndani ya pinboli za zamani, humu hamna kompyuta. Hamna chipu hata moja. Flipa, vile vimkono viwili vya kurudishia gololi, zilianza na Humpty Dumpty ya Gottlieb mwaka 1947 na kuanzia hapo mpaka mwishoni mwa miaka ya 70 mashine zote hizi zilikuwa zinaendeshwa na koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme), riley (koili ndogo inayofunga na kufungua swichi), swichi na mota moja inayozunguka chini ya ubao wa kuchezea. Unaweza kujiuliza sasa inakumbukaje pointi zako? Inakumbuka kwa kukaa. Ngoma ya namba, lile gurudumu lenye 0 mpaka 9 linaloonyesha pointi, ikisimama kwenye 7 basi hiyo ndo kumbukumbu yenyewe, hakuna mahali pengine palipoandikwa. Inajua uko gololi ya ngapi kwa sababu kuna stepa, gurudumu lenye meno na vidole vya shaba, limesimama kwenye jino la tatu. Ukizima umeme ukarudi baada ya miaka ishirini pointi za aliyecheza mwisho bado ziko pale. Nilipoifungua hii yangu nikazikuta, pointi za mtu ambaye labda ndo yule marehemu, nikazipiga picha kabla sijagusa kitu.

Ngoja nieleze jinsi pointi zinavyohesabiwa maana ukielewa hapa umeelewa mashine nzima. Gololi ikigonga shabaha ya pointi 10 inabonyeza swichi, swichi inavuta riley ya pointi kumi, riley inafanya mambo mawili kwa pamoja, inapeleka umeme kwenye koili ya ngoma ya makumi isogee namba moja na inagonga kengele. Rahisi. Sasa gololi ikigonga kitu cha pointi 50 mashine haijui kuongeza hamsini, inachojua ni kuongeza kumi. Kwahiyo inaiwasha ile mota, mota ina kamu, visahani vyenye vipembe vinavyobonyeza swichi, na kwa mzunguko mmoja wa kazi, ambao kwa Gottlieb ni theluthi ya duara, inaigonga ile riley ya kumi mara tano. Ting ting ting ting ting. Ndo maana ukicheza pinboli za zamani unasikia hesabu kwa masikio, na mimi kwenye ufundi huu sikio nalitumia kuliko mita ya kupimia umeme.

Sasa niseme kitu ambacho nakiamini kabisa baada ya miaka yote hii: mashine za aina hii mara nyingi hazijafa. Zimechafuka tu. Na zinazokuja zimekufa kweli, mara nyingi kilichoziua ni mtu aliyetaka kuzitengeneza haraka. Hilo naliomba mlishike kabla hamjashika bisbisi.

Kitu cha kwanza, usiichomeke kwenye umeme. Najua hamu, umeibeba mpaka nyumbani mgongo unauma unataka uone taa, lakini usiichomeke. Mimi siku ya kwanza natoa kioo, nanyanyua ubao, natazama na tochi tu. Kwenye hii nilikuta waya wa ukutani mpira wake umekuwa mgumu kama biskuti unakatika ukiukunja, na kibaya zaidi fyuzi moja imezungushiwa karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia chakula. Mtu fyuzi ilikuwa inaungua, badala ya kutafuta kwa nini inaungua akaipa njia isiyoungua. Matokeo yake kilichoungua ni koili, ile karatasi yake ya juu imegeuka nyeusi na harufu ya vanishi iliyopikwa ukishaijua huisahau. Fyuzi ni mlinzi jamani, akipiga kelele nenda kaangalie mlangoni. Nilibadilisha waya, nikaweka plagi ya miguu mitatu yenye ethi kwa sababu ya kiwandani ilikuwa miguu miwili tu, na fyuzi zote nikaweka za kiwango kilichoandikwa kwenye ramani.

Ramani ndo ile karatasi kubwa ya michoro ya waya, watu wengi wanaiogopa. Mwanzoni na mimi ilinichanganya, mistari imejaa kama nywele. Lakini inasomeka, kila swichi imechorwa ikiwa mashine imepumzika, na kila waya umeandikwa rangi yake, basi unafuata rangi kwa kidole mpaka mwisho. Hii yangu ilikuwa bado imekunjwa ndani ya kasha, bahati kubwa sana, ukinunua mashine ya namna hii cha kwanza uliza kama ramani ipo.

Swichi zake ni vibamba viwili vya shaba vyenye punje ndogo ya fedha kwenye ncha, vinagusana au vinaachana, basi. Zipo mamia. Punje za fedha zinapata weusi, unazisafisha kwa tupa nyembamba sana au kijiwe laini cha swichi, unapitisha mara mbili tatu polepole huku ukibana kwa kidole, sio msasa maana msasa unakula fedha na unaacha mchanga. Na narudia hili kwa herufi kubwa, USIPULIZE ile dawa ya kopo ya kulainisha vyuma ndani ya mashine hizi. Inawaka moto, kuna cheche humu kila sekunde, na ikikauka inageuka gundi inayokusanya vumbi. Nusu ya kazi yangu kwenye mashine nyingi ni kutoa mafuta ambayo mtu aliweka kwa nia njema. Koili na mirija yake ya nailoni ndani inatakiwa kavu kabisa, hata tone usiweke. Grisi kidogo, kidogo sana, ni kwenye meno ya mota na pale chuma kinaposugua chuma.

Baada ya wiki tatu za kusafisha nikaiwasha. Taa zikawaka, nikabonyeza kitufe cha kuanza, ngoma zikarudi sifuri vizuri, mota ikazunguka... ikazunguka... haisimami. Hii ndo shida maarufu kuliko zote na wengi hapa ndo wanaanza kupinda swichi ovyo wakijaribu bahati, alafu wanatengeneza mbovu tano juu ya moja. Simama, zima, kaa na ramani. Ukibonyeza kuanza mashine inashika riley inayoendesha mota na kuzipiga ngoma zote mpaka zifike sifuri. Inajuaje zimefika? Kila ngoma ina swichi inayoachana ikifika sifuri. Zikiachana zote riley inaachia, mota inasimama. Kwahiyo mota isiposimama maana yake kuna ngoma moja inasema "mimi bado", hata kama macho yako yanaona sifuri. Sikupinda kitu. Nilikata kipande cha karatasi ya kadi nikakiingiza katikati ya swichi ya sifuri ya ngoma moja moja, kuitenganisha kwa lazima, na nilipofika ngoma ya makumi mota ikasimama hapohapo. Kibamba chake kilikuwa kimepindwa zamani na koleo, kina alama za meno. Nikakirudisha taratibu na kile kifaa cha kupindia swichi. Dakika mbili za kazi, baada ya saa nzima ya kusoma.

Ya pili ndo niliipenda zaidi. Pointi 50 zilikuwa zinaingia 40. Sio kila mara, mara nyingi. Ukiuliza watu watakwambia mota, safisha mota. Lakini nilifumba macho nikasikiliza, kengele zilikuwa tano. Tano kamili kila safari. Sasa fikiria na mimi, kengele inagongwa na riley ileile inayopeleka umeme kwenye ngoma, kengele ikilia tano ina maana mota imetuma tano na riley imevuta tano, basi mota haina kosa. Kosa liko mbele yake, kwenye ngoma yenyewe. Nikaisogeza ngoma kwa mkono namba moja moja, kila namba inaanguka "tak" isipokuwa kutoka 6 kwenda 7 inaenda kizembe kama imelala. Mafuta ya zamani yameganda kwenye ekseli. Niliivua yote, nikaiosha na spiriti, nikaifuta ikawa kavu, nikairudisha bila mafuta yoyote. Tangu siku hiyo hamsini ni hamsini. Hakuna kipuri hata kimoja nilichonunua kwa hilo.

Flipa ya kushoto ilikuwa dhaifu na koili yake ndo ile iliyoungua. Hii nielezee kidogo kwa sababu ndo chanzo cha koili nyingi kufa. Koili ya flipa ina waya mbili ndani, moja nene ya nguvu ya kupiga na moja nyembamba ya kushikilia ukiendelea kubonyeza. Flipa ikifika mwisho wa safari inasukuma swichi ndogo, swichi inaachana, na umeme unalazimika kupita kwenye ile nyembamba pia, nguvu inapungua, koili haichemki. Ile swichi isipoachana koili inabaki kwenye nguvu kamili muda wote umeshika kitufe, na sekunde chache zinatosha. Kwahiyo ukibadilisha koili bila kurekebisha swichi utanunua nyingine wiki ijayo. Mimi naiweka iachane flipa inapokaribia kabisa mwisho, ukiiweka iachane mapema flipa inakuwa legevu, gololi ya gramu 80 haipandi juu ya ubao.

Kioo cha juu sikukigusa upande wa rangi. Rangi yake imechapwa kwa nyuma na joto la taa miaka yote hiyo limeikausha inabanduka vipande, ukipitisha kitambaa chenye maji umemfuta kauboi uso. Nilichofanya ni kutoa balbu namba 44 zote na kuweka namba 47, volti ni zilezile 6.3 ila zinakula ampia 0.15 badala ya 0.25, joto linapungua na mwanga wake bado ni ule wa njano wa enzi zile. Wapo wanaoweka LED. Mimi kwenye mashine ya 1965 siweki, mwanga wake mkali unaonyesha kila ufa na rangi zinakuwa sio zile alizokusudia mchoraji.

Kuna ndugu wawili, mmoja yuko Dar mwingine Mombasa, wameniuliza kama wakiagiza mashine ya Marekani itafanya kazi nyumbani. Itafanya, ila hii imetengenezwa kwa volti 115 na hezi 60, yaani umeme unaogeuka mara 60 kwa sekunde, nyumbani ni 230 au 240 na hezi 50. Transfoma ya kushusha volti lazima, na iwe kubwa ya kutosha. Ila transfoma haibadilishi hezi, kwahiyo mota ya pointi itazunguka polepole kidogo, pungufu kama sehemu moja ya sita, kengele zitasikika zimelegea, na transfoma ya ndani itapata joto zaidi kuliko huku, basi msiiache imewaka kutwa nzima. Na unyevu wa pwani uangalieni sana, mbao za kasha zinafumuka kuanzia chini na shaba inaota ukijani, iwekeni mbali na ukuta na mbali na dirisha la upande wa bahari.

Juzi usiku niliirudishia kioo nikacheza gemu ishirini mfululizo, daftari pembeni, kila pointi naihesabu kwa sikio kisha natazama ngoma. Farasi anapiga teke, kauboi anazunguka. Bampa moja ya kulia, kile kinguzo cha duara kinachotoa pointi kikigongwa na gololi, mara tatu iligongwa na haikusema kitu, gololi imegusa upande wa nyuma tu na swichi yake haikuona, kile kijiko chini ya bampa nadhani hakijakaa katikati. Ubao nimeshaunyanyua, kahawa iko mezani, ndo naanza nayo sasa hivi.