Je, mtu mzima hafundishiki?

Wengi hapa Mombasa wanaamini kwamba mtu mzima darasani hashiki kitu, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Mama wa ngumbaru akinyamaza mbele ya ubao, huonekana umri umeshamfunga akili.

Ni kweli kwamba kasi ya kukariri mambo mapya hupungua miaka ikisonga. Lakini msamiati na uelewa hudumu, na aghalabu huzidi. Mchuuzi wa soko la Kongowea anayejumlisha madeni na chenji kichwani anaijua hesabu; alichokosa ni namna ya kuiandika. Tena, kuanzia umri wa miaka 40 hivi, uwezo wa kuona vya karibu hupungua. Anayelisogeza daftari mbali na uso wake anahitaji miwani na mwanga, wala si kukemewa. Kumkaripia mbele ya wenzake ni kumfukuza kabisa, na hilo linaniuma.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe akueleze somo kwa mfano wa kazi yake, bila kumharakisha, kisha umuulize tena baada ya wiki. Siku nyingine andika herufi kubwa zaidi, umkalishe karibu na dirisha, halafu ulinganishe majibu.