Je, wajua kwa nini tamthilia ya Gotham ilimficha Batman hadi kipindi cha 100?

Ukiianza Gotham kwa hamu ya kumwona Batman, shujaa wa hadithi za katuni avaaye kinyago, akirukaruka juu ya mapaa, utasubiri sana. Tamthilia hii ilirushwa na televisheni ya Fox ya Marekani kuanzia Septemba 2014 hadi Aprili 2019, misimu 5, vipindi 100, na lile vazi jeusi halionekani mpaka kipindi cha mwisho. Muda wote huo Bruce Wayne, atakayekuja kuwa Batman, ni kijana mdogo aliyeona baba na mama yake wakipigwa risasi uchochoroni, na anayelelewa na Alfred, mtumishi wa nyumbani kwao.

Sababu ni kwamba Bruno Heller, aliyeiandaa, alilichukua jiji lenyewe la kubuni, Gotham, akaliweka katikati ya hadithi. Anayetutembeza humo ni James Gordon, mpelelezi mgeni kazini. Hakubuniwa kwa ajili ya televisheni: yumo tangu hadithi ya kwanza kabisa ya Batman, mwaka 1939, akiwa tayari kamishna wa polisi. Gotham inarudi nyuma, enzi hizo akiwa bado anahangaika kuipata haki ndani ya kituo kilichooza, na inauliza swali zito: mambo yaharibike kiasi gani hadi mtu aone afadhali avae kinyago kuliko kwenda polisi?

Kipindi cha kwanza peke yake kinatosha kuonyesha. Kesi ya mauaji ya akina Wayne inaangukia kwa Gordon na mwenzake mkongwe, Harvey Bullock. Haraka sana anapatikana mtuhumiwa, Mario Pepper, mkufu wa lulu wa mama yake Bruce unakutwa nyumbani kwake, naye anauawa akikimbia. Kesi imefungwa, kila mtu anapongezwa. Kumbe Pepper amebambikiwa, mkufu ulipandikizwa. Gordon anapoanza kuchimba, mkuu wa wahalifu, Carmine Falcone, anamtaka athibitishe kwamba ni mwenzao: ampeleke Oswald Cobblepot, msaliti mdogo wa genge, mwisho wa gati, amuue. Gordon anampeleka, anafyatua risasi pembeni ya kichwa chake, anamsukuma majini na kumwambia asirudi tena. Bullock anatazama kwa mbali akiamini kazi imefanyika.

Huyo Bullock ndiye anayenivutia kuliko majambazi wote. Si katili. Amezoea tu. Mwaka 1972, tume iliyochunguza polisi wa New York, ambako ndiko tamthilia hii ilipigwa picha, iliwagawa askari wala rushwa mafungu mawili: wala nyama, wanaoiwinda hongo kwa nguvu, na wala majani, wanaopokea kile kinachowajia. Tume ilisema kiini cha tatizo ni hao wa pili, kwa sababu wingi wao huifanya rushwa ionekane jambo la heshima. Kituo cha Gotham kimejaa wala majani. Ndiyo maana Gordon, asiyepokea, anaonekana kwa wenzake kuwa ndiye mwenye kasoro.

Na yeye mwenyewe habaki safi. Mwanzoni mwa msimu wa pili, akiwa ameshushwa kwenda kuongoza magari barabarani kisha akafukuzwa kazi, anamwomba msaada Cobblepot, ambaye sasa ndiye Penguin, bosi wa wahalifu. Malipo yake ni kwenda kumdaia Penguin deni lake. Mdaiwa anakufa kwa risasi ya Gordon, na kamishna aliyemshusha cheo analazimishwa kuachia ngazi. Gordon anarudi kazini kwa mlango wa jambazi! Kisha katika msimu wa nne Penguin anaanza kutoa leseni za uhalifu: mwizi mwenye leseni haguswi, asiye nayo anaadhibiwa, na viongozi wa jiji wanakubali kwa kuwa takwimu za uhalifu zinashuka. Hapo mtazamaji analipata jibu la lile swali. Sheria ikishageuka kibali kinachouzwa, askari mmoja mwadilifu hana pa kushika.

Kuna sababu nyingine, nyepesi zaidi: umri. David Mazouz aliyemwigiza Bruce alianza akiwa na miaka 13, na kipindi cha mwisho kiliporushwa alikuwa na 18. Kipindi cha mwisho kinaruka miaka 10 mbele, Gordon ni kamishna anayetaka kujiuzulu, na Batman anahitaji umbo la mtu mzima. Kwa hiyo aliyelivaa vazi ni mwigizaji mwingine, mrefu zaidi, huku sauti na uso vikiwa vya Mazouz.